Dirisha Linalotazama Majeneza

Baba yangu hajawahi kumwambia mteja "karibu tena". Ukidhani ni mtu asiye na adabu umekosea, maana salamu zake ni ndefu na chai yake haikosekani. Ila kazi yake ni kutengeneza majeneza, na mtu aliyetoka kuchukua jeneza humwambii karibu tena. Unamsaidia kubeba, unamfungia kamba vizuri kwenye gari, unampa pole, basi. Alinifundisha hilo kabla ya jambo lolote, siku nilipoanza kumsaidia kushona vitambaa vya ndani, hata sindano bado sijaishika.

Mtaani wanamwita Fundi Mwisho. Jina hilo hakulipenda, lakini watu wakishakubandika jina utafanya nini? Ni mfupi, ana mabega mapana, na masikio yake yana vumbi la mbao hata siku ambayo hajagusa msumeno. Hasira zake ziko karibu. Akikasirika hapigi kelele, anapiga randa. Ukipita karakana yetu ukasikia randa inakwenda mbio kuliko kawaida, endelea na safari yako, salamu utaleta kesho. Mimi hasira hizo nimezirithi zote, tatizo ni kwamba sina randa. Nina mdomo.

Karakana yetu imejificha nyuma, imebanwa kati ya ghala la saruji na kinu cha kusaga unga. Ukiwa barabara kubwa huioni. Unachoona ni kipande kidogo cha ardhi mbele yake, chini ya dirisha la sebule ya jirani yetu, na hicho kipande si chetu. Ni cha huyo jirani, Mwalimu, aliyestaafu zamani lakini mtaa mzima bado unamwita hivyo hivyo. Siku Baba alipoanza kazi pale, Mwalimu alifungua dirisha akamwambia, "Fundi, simamisha vitu vyako hapa, jua linapiga vizuri." Hakuna aliyeandika wala kutia sahihi. Tangu siku hiyo majeneza yetu hukauka vanishi pale, na moja husimama siku zote, mvua ije jua liwake. Hilo ndilo alama yetu.

Nilimwambia Baba mara nyingi aweke kibao kama mafundi wengine. Hataki. "Aliyefiwa hasomi vibao," huniambia. "Macho yako wazi lakini hayasomi. Mtu anamwambia, nenda pale, utaona jeneza limesimama. Analiona, anaingia." Nilikuwa nabisha, kwa sababu kubisha ndiyo kazi yangu ya pili, lakini wateja walikuja hivyo hivyo, mmoja mmoja, wanaangalia jeneza la nje kwanza, halafu mlango, halafu chini.

Kila alasiri Mwalimu alikuwa anakuja na ubao wake wa drafti chini ya kwapa. Wanalaza kifuniko ambacho hakijapigwa msasa juu ya matofali mawili, wanaweka ubao juu yake, wanacheza. Mwalimu mwizi wa kete. Miaka yote aliyofundisha watoto uaminifu ilikuwa bure, mkono wake ukipita juu ya ubao lazima kete moja ipotee. Baba alijua na alimwacha. Akiondoka, Mwalimu husimama mlangoni na utani wake uleule: "Fundi, nimekuja hapa mpaka nimezeeka, hata karibu tena huniambii!"

Na Baba hujibu vilevile: "Siku nikikuambia, ujue tumegombana."

Basi wanacheka, mmoja anarudi kwake, mwingine anarudi kwenye mbao zake. Mke wa Mwalimu alipofariki, Baba alimtengenezea jeneza la mninga na hakukubali mtu mwingine aguse msasa, hata mimi. Mwalimu alipokuja kulichukua hakufanya utani. Alishikwa mkono na Baba mpaka kwenye gari.

Nasema haya yote ili mtu ajue nilikuwa na haki ya kukasirika.

Mwalimu ana mtoto mmoja wa kiume, amehamia mbali, amefanikiwa, Mungu ambariki. Alipokuwa mdogo alikuwa anashinda karakanani kwetu. Gari lake la kwanza la kuchezea lilitokana na vipande vya mbao za majeneza, na Baba alilipaka rangi nyekundu. Wakati huo alikuwa anamwita Baba "baba mdogo". Mwaka huu amekuja na gari la kweli, anazungusha funguo kidoleni, akasema nyumba inauzwa na mzee wake atahamia kwake. Hapo sina neno. Mzee hawezi kukaa peke yake milele, na mtoto kumchukua baba yake ni jambo jema. Ila safari hii alimwita Baba "Fundi", tena bila kusimama.

Alikuja na dalali. Dalali huyo alikuwa na kiatu kinang'aa na neno moja analolipenda kuliko chakula, nalo ni mandhari. Mandhari hapa, mandhari pale. Siku ya kwanza tu nikampa jina la Bwana Mandhari, na kufika jioni mtaa mzima ulikuwa unamwita hivyo, pamoja na mwenye kinu ambaye kwa kawaida hana habari na mtu.

"Nyumba siku hizi haiuzwi kwa vyumba," alikuwa anamweleza Kijana wa Mwalimu, kwa sauti ya kusikika hadi kwetu. "Inauzwa kwa madirisha. Mnunuzi akiingia haangalii dari wala sakafu. Anakwenda dirishani. Akipenda anachokiona, keshanunua, hayo mengine ni maneno tu."

Akazunguka dirisha baada ya dirisha. La jikoni lilikuwa linatazama ukuta wa choo cha jirani. Akaupaka ukuta rangi ya samawati na kuning'iniza vikopo vya maua, ukachangamka mpaka mwenye choo akaanza kujisikia. La chumba cha kulala lilikuwa linatazama bomba la kinu, akabandika kwenye kioo karatasi ile ya plastiki inayopitisha mwanga bila umbo. La chumba cha watoto lilikuwa limezibwa na tawi, akalikata, kumbe huko nyuma kuna vilima, na sisi tumeishi hapa miaka yote hatujui. Vioo vyote vikaoshwa ndani na nje. Kusema haki alijua kazi yake. Sikuwa na ugomvi naye mpaka alipofika sebuleni.

Nilikuwa nje nimechutama, napaka vanishi, nimefunga kitambaa puani. Pazia likafunguliwa kwa nguvu na tukatazamana yeye na mimi, kioo katikati, majeneza manne nyuma yangu. Aliruka. Mimi nikamwamkia kwa heshima zote. Akalifunga pazia.

"Mzee," nikamsikia ndani, "hapa pana shida kubwa."

Walimfuata Baba siku hiyohiyo, yeye na Kijana. Baba alikuwa anapiga randa ubao wa pembeni, taratibu.

"Fundi, hiki kipande ni cha kwetu," Kijana akaanza.

"Najua," Baba akasema.

"Sasa tunaomba haya masanduku yaondoke. Mtu hawezi kununua nyumba, asubuhi anafungua pazia anakutana na hivi vitu."

"Yaondoke mpaka lini?"

"Kwanza siku wanunuzi wakija," akaingilia Bwana Mandhari. "Baadaye, mwenye nyumba mpya ataamua mwenyewe. Ila mimi nikikuambia ukweli, mzee wangu, hakuna atakayekubali. Ni suala la mandhari."

Randa ikaongeza mwendo kidogo. "Na Mwalimu anasemaje?"

Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yao, hatua chache, anatazama ndala zake kana kwamba ndiyo kwanza anaziona. "Kijana ndiye anayeshughulikia," akasema.

Nilihisi joto kutoka miguuni hadi kichwani. Anayeshughulikia! Mtu uliyekula naye, uliyemwibia kete kila siku ya Mungu, anakuuliza swali moja tu unatazama ndala! Nilifungua mdomo, Baba akanitazama, nikaufunga. Uliuma kuufunga.

Tujue hapa kilichokuwa hatarini. Baba akinyimwa kile kipande, karakana inabaki shimo nyuma ya ghala. Hatuna kibao, hatuna jirani atakayekubali jeneza mbele ya nyumba yake, na Baba hana umri wa kuanza upya mahali pengine. Wao walikuwa wanazungumzia pazia. Sisi tulikuwa tunazungumzia maisha yetu, na nilikuwa nashangaa kwamba hilo lilihitaji kuelezwa.

Walianza na turubai. Bwana Mandhari alileta turubai la kijivu, jipya, akayalaza majeneza yote na kuyafunika vizuri, kingo akazikaza kwa mawe. Kisha akaenda ndani kuangalia kutoka dirishani.

"Unaonaje?" nikamwita kutoka nje. "Mwanzo yalikuwa majeneza. Sasa umetuwekea maiti."

Na kweli, lilikuwa jambo la kutisha, ule mstari wa vitu virefu vimelala chini ya shuka moja. Mama mmoja aliyekuwa anatoka kusaga alisimama akauliza ajali imetokea wapi. Bwana Mandhari alitoka akalivuta turubai mwenyewe, akipiga chafya za vumbi, na hakunitazama.

Karakanani hayaingii, mbao zimejaa hadi mlangoni. Hapo ndipo Kijana alipopata wazo lake, na mpaka leo nikilikumbuka nakosa usingizi wa mchana. Nyumbani kwao kulikuwa na chumba cha nyuma kilichokuwa cha marehemu mama yake. Kitupu, kina kufuli. "Tuyaweke humo siku hiyo," akasema. "Tunafunga, tunasema ufunguo umepotea."

Watu wazima wawili, wenye meno yote, wakakubaliana kuficha majeneza ndani ya nyumba wanayoiuza ili yasionekane kwa dirisha la nyumba hiyohiyo! Nikasubiri mmoja wao acheke. Hakucheka mtu.

Baba alikataa. Alikataa mpaka Mwalimu alipokuja mwenyewe, peke yake, bila ubao wa drafti. "Fundi, ni siku moja tu. Nifanyie mimi," akasema. Baba hakuwahi kumnyima Mwalimu kitu. Akakubali, akaahidi hatapiga nyundo wala hatatoka nje mpaka wageni waondoke.

Tukayahamisha yote. Jeneza la alama pia, ambalo ardhi chini yake ilikuwa imebonyea. Na lile dogo jeupe pia, maana Kijana hakutaka libaki hata moja karakanani, mgeni asije akachungulia. Baba huwa na dogo moja tayari siku zote, limefunikwa ndani, hatulionyeshi. Anasema hakuna mzazi anayestahili kukaa kwenye kigoda akisikiliza nyundo. Likiondoka anatengeneza lingine palepale, na wakati huo hata mimi simsemeshi.

Kwenye kipande chetu wakaweka vyungu vya maua ya kuazima na benchi jeupe ambalo hakuna aliyeruhusiwa kulikalia. Juu ya mlango wa karakana wakatundika bango kubwa linalofunika upande wote wa mbele: SAMANI ZA KISASA. Fundi Mwisho, mtu wa kazi moja maisha yake yote, amekaa gizani nyuma ya bango la samani za kisasa kama mwizi. Nilimtazama amekaa, mikono magotini, hana cha kushika, na nikaapa moyoni kwamba huyu Bwana Mandhari siku moja nitamwambia kitu atakachokumbuka uzeeni.

Wageni walikuja mume na mke. Mume mkimya, mke ana miwani na maswali. Tuliwasikia wakipita chumba hadi chumba. Jikoni alisifu ukuta wa samawati. Chumba cha watoto alisifu vilima. Sebuleni pazia likafunguliwa na sauti yake ikaja kwetu wazi: "Ee, ona maua jamani! Hapa nitaweka kiti changu."

Wakati huo nikamwona yule mtu.

Kati ya bango na mlango kulikuwa na upenyo wa kutosha jicho. Alikuwa mwanamume wa makamo, shati limefungwa vifungo kombo, upande mmoja umezidi. Alikuja kutoka barabarani akitazama huku na huku. Akapita. Akafika kinuni, akageuka, akarudi, akatazama vyungu, akatazama benchi, akanyanyua uso kwenye bango. Akasimama. Mbeba saruji mmoja alikuwa anamwonyesha kwa kidole kutoka ghalani, ni hapo hapo, lakini yeye alitikisa kichwa, akaanza kuondoka tena.

Mwendo ule naujua. Nimeuona tangu nikiwa mtoto.

"Baba," nikanong'ona.

Alikuwa keshasimama. Kwa upenyo wake alimwona kabla yangu. Alitazama upande wa nyumba ya Mwalimu mara moja tu, akainua bango kwa mkono akatoka.

"Ndugu yangu," akamwita. "Unatafuta fundi?"

"Samahani mzee. Waliniambia nitaona..." Akashindwa kulitaja. "Nilidhani mmehama."

"Hatujahama. Umefika. Pole sana."

"Ni mtoto," yule mtu akasema. Baba hakumuuliza kimo. Hatuulizi, tunasubiri. Akatuonyesha mwenyewe kwa mikono, kama mtu anayepima kitambaa, na baada ya kutuonyesha akasahau kuishusha.

Baba akageuka akaenda moja kwa moja hadi mlango wa Mwalimu, yule mtu nyuma yake, mimi nyuma ya wote wawili. Akapiga hodi akiwa amekwishaingia. Walikuwa ukumbini, mbele ya kile chumba. Mwanamke mwenye miwani alikuwa ameshika kitasa.

"Mimi nataka tu kuona dirisha la humu linatazama wapi," alikuwa anasema.

"Linatazama upande uleule mzuri, mama. Tatizo ufunguo umepotea," akajibu Bwana Mandhari.

"Nyumba nzima ina funguo, umepotea huu tu?"

"Kijana," Baba akasema, "fungua chumba."

Kijana alimtumbulia macho. "Fundi, tulikubaliana. Baadaye."

"Huyu mwenzetu hawezi kungoja baadaye."

"Huoni nina wageni?"

"Nawaona. Fungua."

Hakufungua. Baba akamgeukia Mwalimu, aliyekuwa ameketi sebuleni kwenye kiti chake kando ya dirisha, maua yote yale mbele yake. "Mwalimu?" akasema tu. Na Mwalimu, nikiwa namtazama kwa macho yangu mawili, akatazama ndala.

Hapo mdomo wangu ulifunguka wenyewe. "Ufunguo uko mfuko wa shati lake," nikasema. "Wa kushoto. Umechomoza."

Kila mtu akautazama mfuko. Yule mume mkimya, ambaye sikuwa nimemsikia akitoa sauti tangu aje, alikuwa anamtazama mtu mwenye vifungo kombo. "Bwana, fungua mlango," akasema.

Mlango ukafunguka. Yalikuwa yamesimama yote, bega kwa bega, mpaka kwenye dirisha lenyewe, hata mwanga haukupita. Mwanamke akashika mdomo. Bwana Mandhari akaanza kusema kitu kuhusu hifadhi ya muda na hakuna aliyemsikiliza. Baba aliingia ubavu ubavu, tukamsikia akisogeza mbao, akatoka na lile dogo jeupe amelikumbatia. Yule mtu akanyoosha mikono akalichukua mwenyewe. Mwanamke mwenye miwani alisogea kumpisha. "Pole, baba," akamwambia.

Nje kulikuwa na gari la kukodi. Baba akafunga kamba, akazikagua, akafungua moja akaikaza upya.

"Nimepita hapa mara mbili," yule mtu akasema, kana kwamba anaomba radhi. "Niliona maua."

Baba akamshika bega. Gari likaondoka. Nilikuwa nalia, na nilikuwa nalia kwa hasira, nataka hilo lijulikane. Mtu amefiwa na mtoto wake, anazunguka mtaani kama anayetafuta duka la soda, kwa sababu mtu mwingine anataka mandhari!

Wageni walisema watawasiliana. Kila mtu anajua maana yake.

Tulitoa majeneza yetu tukayarudisha mahali pake, vyungu tukavisukuma pembeni. Hatujamaliza, Kijana akaja. Sasa hakuwa na "tunaomba". Alisema Baba amemharibia makusudi, amemdhalilisha mbele ya watu, na kwamba kesho asubuhi anakuja na waashi. "Nitajenga ukuta hapa, mrefu kuliko hayo masanduku yako. Ukuta una maua yake, una rangi yake. Wewe utajua pa kwenda."

"Baba mdogo," nikasema. "Ulikuwa unamwita baba mdogo. Gari lako jekundu alikutengenezea nani?"

"Mwambie binti yako anyamaze."

"Binti yangu mtu mzima, mwambie mwenyewe," Baba akasema. Alikuwa amekwisha kushika randa, na randa ilikuwa inakwenda sijawahi kuisikia hivyo, maganda ya mbao yanaruka hadi mlangoni. Mlangoni alikuwa amesimama Mwalimu. "Na Mwalimu anasemaje?" Baba akauliza, bila kuinua kichwa. Ilikuwa mara ya tatu kumuuliza.

Mwalimu akakohoa. "Labda ni vizuri, Fundi. Ukuta si kitu kibaya. Utapata pengine pa kusimamisha."

Randa ikasimama.

Baba akaiweka chini. Akajifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja, akaenda mlangoni. Akampangusa Mwalimu vumbi la mbao begani. Akamshika mkono kwa heshima, kama wateja wote, akamtoa hadi nje, penye mwanga.

"Karibu tena, Mwalimu," akasema.

Kijana hakuelewa. Nadhani alifikiri wazee wamepatana, maana alipumua akatazama saa. Lakini Mwalimu alielewa. Uso wake ulilegea kama wa mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Akarudi kwake akiwa ameshika ukuta wa nyumba yake kwa kiganja, polepole, mpaka mlango ukamficha.

Mimi, na domo langu lote, nilibaki bubu. Baadaye nikasema, "Baba, hiyo umezidisha."

"Najua," akasema. Chai yake ilipoa bila kuguswa.

Asubuhi waashi walikuja kweli. Wakashusha matofali, wakavuta uzi kutoka pembe ya ghala hadi pembe ya nyumba, chini kabisa ya lile dirisha. Uzi ulipita palepale liliposimama jeneza letu la alama. Kijana akawaambia waliondoe. Wakatazamana. Mmoja akasema mgongo unamuuma, mwingine akasema yeye ameitwa kujenga, hakuitwa kubeba. Kijana akalishika mwenyewe, akaliachia, akafuta viganja kwenye suruali. Baba alikuwa ndani na randa yake. Hakutoka. Mimi nilikuwa mlangoni nimekunja mikono, nimejiandaa kusema kila nilichobakiza tangu siku ya turubai.

Mlango wa jikoni wa Mwalimu ukafunguka.

Alitoka na ndala zake, ubao wa drafti chini ya kwapa. Akaja moja kwa moja, akaukanyaga uzi wa waashi ukalala chini, akaketi juu ya rundo la matofali. Aliketi barabara, kama mtu aliyekata tiketi.

"Mzee, ondoka hapo, watu wanafanya kazi," Kijana akasema.

"Hawafanyi." Sauti ilikuwa ya darasani, sikuisikia miaka mingi. "Nyumba ni yangu. Kipande hiki nilikitoa mimi, na dirisha ni langu. Nitakuja kukaa kwako, sijakataa. Nyumba uza. Ila anayetaka kuinunua nitamfungulia pazia mimi mwenyewe, aone kilichopo, akikubali akubali. Jana nimemwona mtu anapita na msiba wake, na mimi nimekaa kwenye kiti natazama maua." Akavuta pumzi. "Waashi, chukueni matofali yenu."

"Chukueni, na benchi jeupe pia!" nikasema. Sikuweza kujizuia.

Kijana alisema mengi. Mwalimu alikuwa ametazama mlango wa karakana, na nilimwona akiogopa.

"Fundi!" akaita. "Jana ulinikaribisha tena. Nimekuja."

Randa iliendelea. Iliendelea muda mrefu, haraka, na hakuna aliyesogea, hata waashi. Baba alikuwa bado na hasira, na nilifurahi kwamba bado anazo, maana zangu hazijaisha hadi leo. Kisha ikapungua. Kisha akatoka na kifuniko ambacho hakijapigwa msasa, akakilaza juu ya matofali.

"Kaa upande wa kivuli," akasema bila kucheka. "Na leo usiguse kete zangu."

Walicheza mpaka jua likawafikia. Mwalimu hakuiba hata moja, na akafungwa vibaya sana. Alipoinuka alikusanya ubao wake, akasimama pale penye mlango anaposimama siku zote. Utani wake hakuutoa. Alisubiri tu, ubao kwapani, akimtazama Baba.

Baba alikuwa anahesabu misumari. Hakusema kitu.

Mwalimu akasubiri tena kidogo, ahakikishe. Basi akaitikia kwa kichwa, akaenda zake nyumbani.